Bakteria walisikia dawa, homa ikapanda: kisa cha UTI katika mimba ya wiki 23

Mama wa kisa hiki si mtu mmoja. Nimemjenga kutokana na mambo yanayojirudia wajawazito wanapotibiwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na vipimo vyake nimevipanga makusudi ili swali moja lionekane vizuri: inakuwaje maabara ijibu kwamba bakteria wanasikia dawa fulani, yaani dawa inawaweza, mgonjwa awe ameimeza dawa hiyo hiyo kwa kipimo kinachotakiwa bila kuruka hata dozi moja, kisha siku ya tatu aletwe wodini akitetemeka kwa homa?

Ana miaka 27 na hii ni mimba yake ya pili. Ya kwanza ilikwenda salama. Hana kisukari, hana sikoseli, hajawahi kuambiwa ana mawe ya figo, na penisilini haimdhuru.

Yaliyotangulia

Alianza kliniki mimba ikiwa na wiki 11. Hakuwa na dalili yoyote ya mkojo. Kijiti cha kupimia mkojo kikachovywa, sehemu ya naitraiti haikubadilika rangi, ya chembe nyeupe ikabadilika kidogo tu, na kwenye kadi pakaandikwa "mkojo: kawaida". Aliyesoma kijiti alikisoma sawasawa. Shida ni kwamba kijiti hujibu swali dogo kuliko lile tunalodhani tumeuliza. Naitraiti hutokea pale bakteria fulani wanapoibadili naitreti iliyomo kwenye mkojo, na kazi hiyo inataka mkojo ukae kibofuni kama saa nne. Mjamzito anayekwenda haja ndogo kila baada ya muda mfupi hawapi nafasi hiyo. Tena wapo bakteria, kama Enterococcus na Streptococcus wa kundi B, wasioifanya kazi hiyo kabisa. Chembe nyeupe nazo zinaweza kuwa zimetoka ukeni, kwa kuwa ute huongezeka katika ujauzito, zikahesabiwa kana kwamba ni za kibofu.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma za wajawazito wa mwaka 2016, lilipendekeza mkojo wa mama asiye na dalili uoteshwe maabara, yaani bakteria waliomo wakuzwe mpaka waonekane. Pasipo uwezo wa kuotesha, upakwe rangi ya Gramu na kutazamwa kwa hadubini. Kijiti kimewekwa nyuma ya njia hizo mbili, ingawa katika vituo vingi ndicho kinachoshikwa kwanza na mara nyingi ndicho pekee kilichopo.

Bakteria kwenye mkojo bila dalili ni jambo ambalo kwa watu wengi huachwa bila dawa. Ujauzito ni mojawapo ya hali chache zinazobadilisha hesabu. Wanawake kati ya 2 na 10 katika kila wajawazito 100 huwa nao. Edward Kass, daktari wa Boston aliyeweka katika miaka ya 1950 kile kipimo cha bakteria 100,000 kwa mililita kinachotumika mpaka leo, ni miongoni mwa walioonyesha kwamba wajawazito wa aina hii wasipotibiwa, wengi huishia kuugua figo. Tafiti za enzi hizo zilikuta hata watatu katika kila kumi. Za karibuni zimekuta wachache zaidi ya hapo. Hata kwa hesabu hiyo ndogo, kozi ya siku saba ni gharama ndogo ukilinganisha na kulazwa kwa maambukizi ya figo.

Mama wetu hakuoteshewa mkojo. Katika wiki ya 17 akaanza kuhisi kuungua anapokojoa. Akapewa amoksisilini kwa siku tano, tena bila mkojo kuoteshwa. Siku ya pili akapata nafuu, akamaliza dawa, hakurudi.

Nafuu hiyo ndiyo iliyomfunga macho kila mtu. Bakteria anayesababisha UTI nyingi, ujauzito au la, ni Escherichia coli, na E. coli wengi siku hizi hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja amoksisilini kabla haijafanya kazi. Katika maabara nyingi duniani karibu nusu yao, na kwingine zaidi ya nusu, hawaisikii. Kuipa kwa kubahatisha ni kama kurusha sarafu. Lakini hata sarafu ikiangukia upande mbaya, mgonjwa anaweza kujisikia vizuri: dawa hujikusanya kwa wingi kwenye mkojo na kuwapunguza bakteria kwa muda, maji anayoshauriwa anywe huwasukuma nje, na muwasho wa kibofu wenyewe hupanda na kushuka. Kuungua kukiisha, tunaandika "amepona". Mkojo ungeoteshwa wiki moja au mbili baada ya dawa, huenda kisa hiki kingeishia hapo.

Kikombe cha mkojo

Alirudi katika wiki ya 23. Safari hii aliyempokea alifanya jambo la maana kabla ya kuandika dawa yoyote: alichukua mkojo wa kuotesha.

Nataka kukaa kidogo kwenye kikombe hicho, maana jibu lote la maabara limo ndani yake. Mama anatakiwa kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma, atanue mashavu ya uke kwa vidole, aachie mkojo wa mwanzo uende chooni, kisha akinge wa katikati bila kikombe kugusa ngozi. Hayo huchukua dakika moja kueleza, na mara nyingi hayaelezwi. Mtu hukabidhiwa kikombe na kuonyeshwa mlango. Baada ya hapo kikombe kinatakiwa kufika maabara upesi au kuingia kwenye jokofu, ambako kinaweza kusubiri hadi saa 24. Kikiachwa mezani penye joto, E. coli wanaweza kuongezeka mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi mazingira yakiwafaa, na bakteria wachache wa ngozini wakawa jeshi kufikia mchana. Jibu linalosema "wameota bakteria wa aina nyingi" mara nyingi halimhusu mgonjwa; linahusu namna mkojo ulivyochukuliwa au ulivyotunzwa. Dawa yake ni kuchukua mkojo upya, si kuandika antibiotiki kali zaidi.

Kikombe cha mama huyu kilichukuliwa vizuri. Kisha, kwa kuwa dalili zilikuwa wazi na jibu lingechukua siku moja hadi mbili, akaanzishiwa nitrofurantoini miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku saba, anywe pamoja na chakula ili isimtie kichefuchefu. Kwa maambukizi ya kibofu katika wiki ya 23 hilo ni chaguo zuri. Ningeliandika hata mimi.

Kwenye maelezo ya siku hiyo kulikuwa na mstari mmoja zaidi: "Analalamika mgongo. Joto 37.4. Maumivu ya mgongo ya ujauzito."

Mgongo

Kila mjamzito wa wiki ya 23 huumwa mgongo, au karibu kila mmoja. Uzito umehama mbele, viungo vya nyonga vimelegea, misuli ya kiuno inabeba mzigo mpya. Kwa hiyo neno "mgongo" likitamkwa kliniki, kalamu huandika yenyewe. Lakini huyu alikuwa na dalili za mkojo kwa wakati huo huo, na hapo mgongo unastahili maswali yake peke yake.

La kwanza ni la kidole. "Mama, nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma." Mwenye mgongo wa ujauzito huwa anapapasa kiganja kizima kiunoni, chini, pande zote mbili, na hukwambia ukikaa hivi unatulia, ukisimama sana unarudi. Mwenye figo hupeleka kidole juu zaidi, upande mmoja, kwenye ile pembe iliyo kati ya ubavu wa mwisho na uti wa mgongo, na maumivu yake hayajali amekaaje. La pili ni la mkono wa mpimaji: kiganja kimoja kinawekwa juu ya pembe hiyo, kinagongwa taratibu kwa ngumi ya mkono wa pili, kulia kisha kushoto. Figo yenye maambukizi haivumilii hilo. Mgonjwa hujikunja kabla hujaugonga mara ya pili. La tatu ni kuuliza juu ya jana usiku: alihisi baridi? Alitapika? Ameshindwa kula? Joto la 37.4 saa nne asubuhi halisemi lolote juu ya saa nane usiku, hasa kama amemeza parasetamoli kabla ya kuja. Hilo nalo huulizwa kwa nadra.

Hakuna kati ya hayo kilichofanyika. Alipoulizwa baadaye akiwa wodini alisema usiku wa kuamkia siku ile ya kliniki alijifunika mablanketi mawili akidhani ni hali ya hewa, na kwamba maumivu yalikuwa upande wa kulia tangu mwanzo.

Upande wa kulia ndio unaoumwa zaidi katika ujauzito, na sababu inajulikana. Homoni ya projesteroni hulegeza misuli ya mirija inayoshusha mkojo kutoka figoni, mirija ikapanuka na mwendo wa mkojo ukawa mzito. Mji wa mimba unapokua hujizungusha kidogo kuelekea kulia na kuukandamiza mrija wa upande huo pale unapovuka ukingo wa nyonga. Mkojo unaotulia hufuga bakteria, na kutoka kibofuni wanapanda. Hayo hushika kasi kuanzia miezi ya kati, ndiyo maana maambukizi mengi ya figo kwa wajawazito hutokea katika kipindi cha pili na cha tatu cha mimba. Wiki ya 23 imo katikati kabisa.

Herufi S

Siku ya tatu jibu lilitoka: E. coli zaidi ya 100,000 kwa mililita. Ampisilini, sugu. Kotrimoksazoli, sugu. Nitrofurantoini, fosfomaisini, sefaleksini, seftriaksoni na jentamaisini, zote zina herufi S, yaani bakteria wanazisikia. Jioni ya siku hiyo hiyo mama akaletwa akiwa na joto la 39.1, mapigo ya moyo 124 kwa dakika, anapumua mara 24 kwa dakika, ametapika mara kadhaa, na ubavu wake wa kulia haugusiki.

Mtu akiziweka karatasi hizo mbili pamoja anaweza kufikiri maabara imekosea, au mama hakunywa dawa, au dawa ni bandia. Hayo yote hutokea na ni halali kuyauliza. Hapa hayakuwa na nafasi: vidonge vilivyobaki vilihesabiwa, vikalingana na siku zilizopita.

Maelezo yamo kwenye safari ya dawa yenyewe. Nitrofurantoini ikimezwa huingia kwenye damu na kutoka haraka sana. Nusu ya kiasi kilichomo kwenye damu hupotea ndani ya saa moja au chini ya hapo. Figo huimwaga kwenye mkojo, na huko ndiko inakojikusanya kwa kiwango kinachowaua bakteria. Kwenye damu na kwenye nyama ya figo haifikii kiwango hicho. Kwa ugonjwa ulio kibofuni, hiyo ni sifa: dawa inakaa panapotakiwa na haiusumbui sana mwili mwingine. Kwa ugonjwa ulioshaingia kwenye nyama ya figo, inapita kandokando ya moto bila kuuzima.

Maabara haijui hayo. Inapokea kikombe, inaotesha, inaweka vidonge vidogo vya dawa juu ya bakteria na kupima wanakufa umbali gani. Swali lake ni "je, dawa hii inamweza bakteria huyu?" Halina sehemu inayouliza ugonjwa uko wapi, wala mimba ina wiki ngapi. Herufi S ni jibu la swali moja kati ya matatu, na mawili yaliyobaki ni ya yule anayemgusa mgonjwa. Fosfomaisini gramu 3 ya kunywa mara moja ingeangukia shimo hilo hilo: ni nzuri kwa kibofu, haitegemewi kwa figo.

Siwalaumu maabara kwa hili. Nawalaumu zaidi wanaoandika majibu ya kliniki kwa kunakili dawa ya kwanza yenye S kutoka juu ya orodha, na orodha hupangwa kwa alfabeti mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Wodini

Mjamzito mwenye maambukizi ya figo hulazwa. Asiye mjamzito mwenye nguvu zake anaweza kutibiwa kwa vidonge akiwa nyumbani. Huyu hapana, kwa kuwa mambo yanaweza kuharibika kwa saa chache: sumu ya bakteria kwenye damu, mapafu kujaa maji, figo kushuka nguvu, uchungu kuanza kabla ya wakati.

Damu ilichukuliwa ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza ya dawa ya mshipa, kisha dawa ikaanza bila kusubiri. Kipimo cha malaria pia kilifanywa, maana mahali penye malaria homa ya kutetemeka ya mjamzito haina mwenyewe mpaka ipimwe; kilikuwa hasi. Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinachujaje, ilikuwa mikromoli 92 kwa lita. Kwa mtu mzima wa kawaida namba hiyo hupita bila neno, lakini figo za mjamzito huchuja damu kwa karibu nusu zaidi ya kawaida, hivyo kreatinini yake hushuka, kwa kawaida chini ya 70. Karatasi ya maabara iliyochapishwa kwa vipimo vya watu wasio na mimba haikuweka alama yoyote pembeni. Figo zilikuwa zimeanza kulemewa. Chembe nyeupe 18,000 nazo zilikuwa juu, ila kipimo hicho kisitegemewe peke yake, kwani ujauzito wenyewe unaweza kuzipeleka mpaka karibu 15,000.

Dawa ilikuwa seftriaksoni gramu 2 kwa mshipa, mara moja kwa saa 24. Vituo vingine huanza na gramu 1. Wengine hutumia ampisilini pamoja na jentamaisini. Kwa mama huyu ampisilini ilikuwa tayari imetajwa kuwa sugu, kwa hiyo mchanganyiko huo ungebaki kuwa jentamaisini peke yake yenye jina la watu wawili. Jentamaisini inaua E. coli vizuri, lakini inataka figo ziangaliwe, na huyu figo zake zilishaanza kulalamika. Kuna pia wasiwasi wa masikio ya mtoto, unaotokana hasa na ndugu yake streptomaisini ambayo madhara yake kwa usikivu wa watoto tumboni yanajulikana. Maisha yakiwa hatarini dawa hiyo hutumika bila kusita, hapa haikuhitajika.

Dripu ilitolewa kwa kipimo. Mgonjwa anayetapika na mwenye homa amepungukiwa maji, hivyo mkono huwa mwepesi kufungua dripu hadi mwisho. Tahadhari ni mapafu: sumu za bakteria hulegeza kuta za mishipa midogo, maji yakavujia kwenye mapafu. Kwa hiyo kilichoandikwa kila saa ni kasi ya kupumua, oksijeni na mkojo unaotoka, angalau mililita 30 kwa saa. Alilazwa kwa ubavu wa kushoto, mji wa mimba uondoke juu ya mrija wa kulia.

Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga 172. Muuguzi wa zamu aliyezoea wodi hiyo alisema tumpe mama parasetamoli kwanza ndipo tuogope, na alikuwa sahihi: joto liliposhuka hadi 37.8, mtoto naye alishuka hadi 150. Tumbo lilikuwa linakaza mara kwa mara. Mlango wa kizazi ulikuwa umefunga na haukubadilika, kwa hiyo dawa za kuzuia uchungu hazikutolewa. Kukaza huko mara nyingi ni kelele za maambukizi, hutulia maambukizi yakitulia, na baadhi ya dawa za kuzuia uchungu zikichanganywa na dripu nyingi ndizo zinazoyajaza mapafu maji.

Homa iliisha kabisa kama saa 40 baada ya dozi ya kwanza. Kama ingeendelea hadi saa 72, hatua ambayo ingefuata ni altrasaundi ya figo kutafuta jiwe, usaha au mrija ulioziba, na maabara kuulizwa tena juu ya usugu. Iwapo bakteria wangekuwa wale wanaovunja hata seftriaksoni, meropenemu, antibiotiki ya mshipa yenye nguvu zaidi, ingeingia kazini.

Mtego wa pili

Siku ya tatu wodini, homa haipo, anakula, anataka kwenda nyumbani. Jumla ya matibabu inatakiwa kuwa siku 14, kwa hiyo zinabaki siku kumi na kitu za vidonge. Hapa ndipo kosa lile lile linaweza kurudi kwa mlango wa nyuma. Mwandishi wa karatasi ya kuruhusiwa anafungua jibu la maabara, anaiona nitrofurantoini yenye S, anajua ni salama kwa mimba ya wiki 23, na anaiandika. Figo iliyotulia kwa siku tatu inaachiwa dawa isiyoifikia.

Alipewa sefaleksini miligramu 500 kila baada ya saa sita. Hufyonzwa vizuri kutoka tumboni, zaidi ya dawa nyingine kadhaa za familia yake zinazomezwa, na inafika figoni. Mara nne kwa siku inachosha, na wengi wangependa iwe mara mbili. Lakini figo za mjamzito, kwa kasi ile ile iliyoshusha kreatinini, huzitoa dawa za aina hii haraka, na kwa ugonjwa uliokuwa figoni sioni sababu ya kubana dozi. Alielezwa hivyo, kwa kuwa asiyeambiwa sababu hupunguza mwenyewe akiamini anamkinga mtoto. Hofu hiyo si ya kijinga. Inajibiwa kwa kumweleza kwamba kinachomtishia mtoto kwa sasa ni homa na uchungu wa mapema kuliko vidonge hivi.

Kama wiki zingekuwa nyingine

Kuna watu husema "hii si dawa ya wajawazito" kana kwamba miezi tisa ni siku moja. Mama huyu huyu angefika wiki ya 6, nisingependa kumpa kotrimoksazoli hata kama ingekuwa na S: trimethoprimu iliyomo hupingana na asidi ya foliki, vitamini anayoihitaji mtoto, na mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga karibu na wiki hiyo ya 6 ukihesabu tangu hedhi ya mwisho. Katika wiki ya 23 hofu hiyo imepita, na kilichoiondoa kwake ni usugu tu. Karibu na kujifungua inarudi kukatazwa kwa sababu nyingine kabisa, sulfa iliyomo inaweza kuongeza hatari ya manjano kudhuru ubongo wa mtoto mchanga. Nitrofurantoini nayo ina kalenda yake: miezi mitatu ya kwanza wengi huitumia tu kama hakuna nyingine inayofaa, katikati ni rafiki, na kuanzia wiki ya 38 huachwa, kwa kuwa chembe nyekundu za mtoto mchanga bado hazina kinga ya kutosha na zinaweza kupasuka. Kwa mama mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu, haifai wakati wowote.

Siprofloksasini ndiyo inayoombwa sana, kwa kuwa inafika figoni na inamezwa. Ilidhuru gegedu za viungo vya wanyama wachanga kwenye majaribio. Kwa binadamu ushahidi hautishi kiasi hicho, lakini zikiwapo nyingine haina haja ya kuitwa. Doksisaiklini hupaka rangi meno na kukaa kwenye mifupa ya mtoto, basi. Amoksisilini yenye klavulaneti ni salama kwa wengi, isipokuwa nisingeichagua kwa mama mwenye dalili za kuzaa njiti: utafiti mkubwa wa ORACLE uliochapishwa 2001 uliwakuta watoto ambao mama zao walipewa dawa hiyo baada ya chupa kupasuka mapema wakipata zaidi ugonjwa mbaya wa utumbo kuoza.

Baada ya siku 14

Mkojo ulioteshwa tena wiki moja baada ya dawa kuisha, haukuota kitu. Wapo wasiorudia kipimo hiki kwa mgonjwa aliyepona. Kwa mama aliyepata UTI mara mbili ndani ya mimba moja, ya pili ikiwa ya figo, mimi narudia. Na hapo nitrofurantoini ikaitwa kwa kazi yake halisi: miligramu 100 kila usiku kabla ya kulala, baada ya kukojoa, ili bakteria wasipate kuota tena kibofuni. Ushahidi wa kinga hii kwa wajawazito si mkubwa, lakini maambukizi ya figo hurudi mara nyingi vya kutosha katika mimba ile ile kiasi kwamba naona inafaa kuipa. Alipofika wiki ya 36 ikabadilishwa kuwa sefaleksini miligramu 250 usiku, kwa ajili ya zile chembe nyekundu za mtoto, iendelee hadi wiki chache baada ya kujifungua.

Kwenye kadi yake pameandikwa jina la bakteria na dawa alizokuwa sugu kwake, kwa wino unaosomeka, kwa sababu atakayempokea usiku wa manane hatakuwa na muda wa kuitafuta karatasi ya maabara. Pia pameandikwa kwamba hakuwa Streptococcus wa kundi B. Huyo angeonekana kwenye mkojo hata mara moja katika mimba hii, mama angestahili penisilini ya mshipa wakati wa uchungu, hata kama alishatibiwa na mkojo ukawa safi. Mwenza wake aliuliza kama naye anywe dawa. Hapana, ugonjwa huu hautibiwi kwa wawili. Altrasaundi ya kutafuta sababu iliyojificha figoni imepangwa miezi mitatu baada ya kujifungua, kwa sababu ikifanywa mapema mirija itakuwa bado imepanuka kwa ujauzito, na msomaji wa picha ataandika kuziba ambako hakupo.